Hadithi ya milango ya fahamu ni nini?

Ni hadithi ambayo mtoto haisikii tu. Anaigusa, anainusa, anaiona, pengine na kuionja. Msimulizi ana sentensi chache fupi, na kila sentensi huja na kitu chake.

Chukua hadithi ya mvua. "Upepo ukavuma": mpepee mtoto kwa kanga. "Manyunyu yakaanza": mdondoshee maji mkononi. "Radi ikapiga": gonga sufuria, kwa kiasi. "Ardhi ikanukia": nyunyizia maji bakuli la udongo mkavu, msogezee anuse. "Bibi akapika uji": muonjeshe, uwe vuguvugu. Hadithi imekwisha.

Njia hii ilikuzwa Uingereza kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa wa akili na viungo, ambao vitabu vya kawaida haviwafai. Shirika la Bag Books la huko lilianza kutengeneza hadithi za aina hiyo miaka ya 1990. Kwa wasikilizaji hao, kurudia ndiyo roho ya kazi, na ndiko wengi wetu tunakokosea tukiwa na watoto wadogo: tunataka hadithi mpya kila jioni. Isimulie ileile, kwa maneno yaleyale na mpangilio uleule, siku nyingi. Baada ya muda mtoto huanza kuitazamia. Anaigeukia kanga kabla hujaishika, anakunjua kiganja kabla ya maji. Anakumbuka na anajua kinachofuata, hata kama bado hajasema neno moja. Basi nyamaza kidogo kila baada ya sentensi, ajibu kwa jicho, kwa mkono au kwa sauti.

Msamiati nao hukua hapo, maana neno "manyunyu" limemwingia pamoja na ubaridi wa maji. Bibi zetu walijua kumshirikisha mtoto: "Paukwa!" "Pakawa!", kisha wimbo wa kuitikia katikati ya ngano. Kinachoongezwa hapa ni vitu.

Vitu vyenyewe si pambo. Wingu la plastiki halimwambii chochote mtoto asiyeona. Tone la maji linamwambia. Akivuta mkono, usimlazimishe: hilo nalo ni jibu. Na kwa walio chini ya miaka 3, weka mbali shanga, kunde na chochote kidogo kinachoweza kumkaba kooni.