Mishale miwili ya WhatsApp inahesabu nini?

Ujumbe unaingia kwenye kundi la familia ukiwa na mishale miwili juu yake, pamoja na maandishi madogo kwamba umesambazwa mara nyingi. Kuna wanaouona wakasema "basi ni kweli, kila mtu anao", na kuna wanaosema "huo uzushi tayari". Alama hiyo haisemi lolote kati ya hayo mawili. (Wala isichanganywe na tiki mbili, ambazo kazi yake ni kukujulisha kuwa ujumbe umefika.)

Kinachohesabiwa ni hatua, si watu. Aliyeandika ujumbe yuko sifuri. Anayeupokea akiuforwadi, programu inaongeza moja na mshale mmoja unatokea. Wa pili naye akiuforwadi, zinakuwa mbili. Zikifika hatua tano tangu kwa mwandishi, mishale inakuwa miwili. Kwa hiyo mwalimu akiforwadi tangazo lake mwenyewe kwenye makundi matano yenye wazazi 200 kila moja, watu elfu nzima watalipata bila mshale wowote. Mzaha uliopita kimyakimya, mmoja kwa mmoja, unamfikia mtu wa saba ukiwa na miwili.

Hesabu hiyo husafiri pamoja na ujumbe, nayo imesimbwa kama ujumbe wenyewe, yaani imefichwa ili isomeke kwenye simu za mtumaji na mpokeaji tu. Mazungumzo ya watu binafsi na ya makundi kwenye WhatsApp yamesimbwa hivyo tangu 2016, kwa hiyo hakuna mkaguzi aliyesoma maneno hayo na kuyapigia muhuri.

Kazi halisi ya alama hii ni kupunguza kasi. Mwaka 2018, baada ya uvumi wa wizi wa watoto kusababisha watu kuuawa na makundi yenye hasira nchini India, WhatsApp iliweka kikomo cha kuforwadi: mazungumzo 5 kwa mara moja India, 20 kwingineko. Wakati huo kundi lilibeba watu 256. Ukimtoa mtumaji, makundi 20 yalikuwa na wasomaji 5,100 kwa kubofya mara moja. Kikomo cha 5 kilipoenezwa duniani kote Januari 2019, wakabaki 1,275. Tangu Aprili 2020, ujumbe wenye mishale miwili hupelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kila mara. Bado unaweza kurudia mara thelathini, ila kidole kinachoka.

Udhaifu wake ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Nakili maneno, yabandike upya, na hesabu inarudi sifuri. Piga picha ya skrini, au hifadhi video kisha uitume kutoka kwenye galari: sifuri tena. Ndiyo maana uvumi ule ule huja na mishale miwili kwenye kundi la ukoo na bila mshale kwenye kundi la kanisa, na anayeubandika akaongeza kwa mkono wake "kama nilivyopokea". Maneno hayo mawili yanakueleza zaidi ya mishale: mtumaji hajui ulikotoka.

Naye mwandishi wa kwanza hatajwi popote, maana kuforwadi hakubebi jina. Ukitaka kujua, muulize aliyekutumia alipewa na nani, kisha tafuta tarehe ndani ya ujumbe. "Shule zinafungwa wiki ijayo" bila tarehe inaweza kuwa wiki ijayo ya miaka mitatu iliyopita.