Barua za Ng'ambo Hazikwenda kwa Meli Pekee

Kisumu wengi huamini kwamba enzi za ukoloni, barua ya nyumbani kwa kijana aliyesoma Uingereza ilikwenda kwa meli tu. Meli zilibeba nyingi, kweli. Lakini ndege za posta zilipita Kisumu tangu 1931, na kufikia 1937 nyingine zilitua ziwani.

Baadaye ikaja barua ya ndege: karatasi moja nyepesi ya samawati, ikikunjwa na kugundishwa kingoni. Ukitia picha ndani, ilipelekwa kwa njia ya kawaida. Hapo ndipo ilipochelewa.

Mnazo sandukuni? Tafadhali msibandue stempu, mhuri utakatika. Someni tarehe ya mhuri, kisha tarehe ya jibu la kijana, mhesabu siku. Wino ukififia, inamisheni karatasi dirishani.