Uzazi wakati wa kafyu na milipuko: maswali tunayoulizwa leba

Mimi ni muuguzi mkunga, nafanya kazi leba, yaani wodi ya kujifungulia, hapa Pwani ya Kenya. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa na akina mama, waume zao na mama wakwe tangu mwaka 2020, na hurudi kila ugonjwa mpya unapotangazwa redioni. Nimeyajibu vile ninavyoyajibu wodini, kwa hivyo mkiona nimekaza sauti, mnivumilie.

Kafyu iliisha kitambo. Mbona bado mnaizungumzia?

Kafyu ni amri ya kutotoka nje saa fulani. Nchini Kenya ilianza, kwa sababu ya Korona, tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa zikabadilishwa mara kadhaa, na amri yenyewe ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa watu kufundishwa kwamba usiku hutoki, hata uwe na nini.

Amri iliondoka, mazoea yakabaki. Leo barabara iko wazi usiku kucha, na bado naletewa saa kumi na mbili asubuhi mama ambaye damu ilianza kumtoka saa nne za usiku. Nikiuliza mlikuwa wapi, jibu ni lile lile: "Tulisema tungoje kukuche." Huyo aliyesema huwa ni mtu mzima, ameshika kitabu cha kliniki vizuri kabisa ndani ya mfuko wa nailoni, kisilowe. Kitabu ni kikavu. Leso ya mama, yaani kanga, ndiyo imeloa.

Kwani wakati wa kafyu mja mzito alikatazwa kwenda hospitali usiku?

Leba hazikufungwa na kafyu. Wahudumu wa afya waliruhusiwa kutembea, na ambulensi pia. Aliyesahauliwa ni mtu wa bodaboda, na huku kwetu bodaboda ndiye ambulensi. Matatu zikiisha jioni, mama wa kijijini alibaki na miguu yake.

Halafu kulikuwa na woga, na siwezi kumlaumu mtu kwa woga ule. Siku ya kwanza kabisa ya kafyu, kabla hata saa yenyewe haijafika, askari waliwapiga watu virungu na kuwarushia vitoa machozi pale feri ya Likoni, Mombasa, watu waliokuwa wakikimbilia kuvuka warudi makwao. Nchi nzima iliona picha zile. Baada ya hapo, nani angempakia mama mwenye uchungu usiku wa manane?

Jirani zetu wa Uganda walipata taabu zaidi. Mwisho wa Machi 2020 magari ya abiria na ya binafsi yalipigwa marufuku, na mgonjwa alitakiwa kupata kibali cha mkuu wa wilaya wa serikali, yule wanayemwita RDC, kwanza. Uchungu unauma, wewe unatafuta sahihi ya mtu. Mwezi Aprili Rais Museveni ndipo alipotangaza kwamba wajawazito wasihitaji kibali.

Mtu aliyeona mapema ni Dkt. Jemimah Kariuki, daktari wa magonjwa ya wanawake jijini Nairobi. Yeye na wenzake walianzisha huduma iliyoitwa Wheels for Life: wakati ule mama alipiga 1195 bila malipo, akazungumza na daktari, na ilipoonekana ni dharura alitumiwa gari lenye ruhusa ya kutembea usiku. Hakukuhitajika mtambo wowote wa ajabu, ni simu, daktari na dereva tu. Jambo hilo lilipaswa kuandikwa ndani ya amri ya kafyu tangu siku ya kwanza.

Damu ikitoka kidogo, si tunaweza kungoja asubuhi?

Hapana.

Damu ya baada ya kujifungua inaweza kumuua mama aliyekuwa mzima ndani ya saa mbili. Hesabu mwenyewe: kutoka saa nne za usiku hadi kukuche ni saa ngapi? Tukimpata mapema tunamchoma oksitosini, tunakanda mfuko wa uzazi, tunaangalia kama kondo limetoka lote, tunamwekea maji na damu. Kazi yenyewe tunaijua. Tukimpata asubuhi, mishipa imelala, hata sindano haipati pa kuingia.

Na tutajuaje kwamba damu imezidi?

Kule Kigoma, Tanzania, wakunga wa jadi walifundishwa kupima kwa kanga: kanga mbili zikiloa, mama amepoteza zaidi ya nusu lita. Ni kipimo kizuri kwa sababu kila nyumba ina leso. Lakini nisieleweke vibaya, maana nimeshaona mtu akingoja leso ya pili iloe ndipo aite gari. Ya kwanza ikiendelea kuloa, mnaondoka. Na kama mimba bado iko tumboni, damu yoyote, hata tone, ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Je, kichwa kikiuma sana na macho yakaona vimulimuli, nimeze Panadol nilale?

Usilale! Mja mzito mwenye kichwa kikali, macho yenye ukungu, uso uliovimba au maumivu chini ya mbavu anaweza kuwa na presha inayoelekea kwenye kifafa cha mimba. Panadol haishushi presha hiyo. Kifafa hakiangalii saa, na mama akishaanza kutetemeka mnaweza kuwapoteza wawili. Mwende usiku huo huo.

Vivyo hivyo chupa ya uzazi ikipasuka na maji yakawa ya kijani, mtoto akipunguza kucheza, au mama akipata homa kali baada ya kujifungua. Nikiulizwa "tungoje kukuche?" kwa lolote kati ya haya, jibu langu halibadiliki: msingoje.

Lakini hospitalini si ndiko kwenye ugonjwa? Mimi naogopa kuambukizwa.

Woga huu unaua kimya kimya. Sierra Leone wakati wa Ebola ya 2014 na 2015 wanawake walikimbia hospitali. Watafiti waliopiga hesabu baadaye walikadiria kwamba kupungua kule kwa huduma kulileta vifo vya ziada vipatavyo 3,600 katika mwaka mmoja: akina mama, watoto wachanga, na waliozaliwa wakiwa wameshafariki. Vifo hivyo havikuwa vya kuugua Ebola. Na idadi yake inakaribia ile ya watu wote waliouawa na Ebola yenyewe nchini humo.

Kuambukizwa kuna kinga: barakoa, kunawa mikono, kukaa mbalimbali kwenye benchi. Kutokwa na damu nyumbani hakuna barakoa yake.

Nikipatikana na Korona, au nikishukiwa, nitanyang'anywa mtoto?

Hupaswi kunyang'anywa. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu mwanzo kwamba mama mwenye Korona anaweza kunyonyesha na kumlaza mtoto kifuani, akivaa barakoa na kunawa mikono. Lilisema pia mama ana haki ya kuwa na mtu wake wakati wa uchungu. Zipo leba zilizowafukuza wasindikizaji wote mwaka 2020, na akina mama wakazaa peke yao wakilia. Mlikuwa na haki ya kulalamika. Ila msiligeuze lalamiko hilo kuwa sababu ya kuzalia nyumbani mara hii.

Sindano yangu ya miezi mitatu ilipita wakati sikutoka nyumbani. Bado inafanya kazi?

Depo, ile sindano ya kupanga uzazi, hurudiwa kila wiki 13. Ukichelewa hadi wiki nne bado unaweza kuchomwa bila shida. Ukipita hapo, pima mimba kwanza, na ukishachomwa tumia kondomu kwa siku saba. Usije ukaniambia "naona kama bado iko mwilini". Haionekani kwa macho, dada.

Kama mlikutana bila kinga, vidonge vya dharura hufanya kazi hadi siku tano, na vya leo ni bora kuliko vya kesho. Anayejua kwamba kufika kliniki kwake ni shida, na aulizie kipandikizi au koili, zinakaa miaka.

Nawakumbusha wazazi pia. Shule zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Utafiti uliofanywa Kenya ya magharibi uligundua kwamba wasichana waliokaa nyumbani miezi sita kwa ajili ya Korona walikuwa katika hatari maradufu ya kushika mimba kabla ya kumaliza sekondari, kuliko waliowatangulia. Binti akiuliza habari za kinga, mjibuni. Kumkemea hakujawahi kuzuia mimba.

Sisi tulizalia nyumbani, na wakati wetu hakukuwa na haya yote. Hatukufa.

Shikamoo bibi. Uzazi wako nauheshimu. Lakini waliokufa hawako hapa kuniuliza swali. Kila mtaa huku una mtu aliyelelewa na shangazi kwa sababu mama yake alikwenda na uzazi, na wewe unawajua kwa majina kuliko mimi. Kwa hivyo nakuomba kitu kimoja tu: usiku huo, wewe ndiye utakayesikilizwa nyumbani. Ukisema "twende", wataondoka.

Mlipuko mwingine ukija, tujipange vipi?

Mpox, ugonjwa wa kuambukiza wa vipele, iliingia Kenya Julai 2024, mgonjwa wa kwanza akagunduliwa mpakani Taveta, na wiki zilizofuata benchi zetu za kliniki zikaanza kupungua watu. Kwa hivyo si hadithi za kale hizi.

Mimba ikifika miezi saba, muwe na namba ya mtu wa boda au teksi aliyekubali kuamshwa usiku, na ya pili wa kwanza akizima simu. Nauli ikae kando, isinunue unga. Jisajilini SHA, bima ya afya ya serikali, mapema, msingoje uchungu. Mjue ni nani atakayebaki na watoto, na ni nani anayeweza kutoa damu. Mume anayefanya kazi mbali atoe ruhusa leo, mbele ya mama yake, ili simu yake ikikosa mtandao usiku asingojwe. Kukiwa na amri ya kutotembea, mumjulishe chifu au mzee wa mtaa mapema kwamba kuna mja mzito nyumba hii, na kitabu cha kliniki kiwe mkononi njiani, mumwoneshe askari.

Na namba ya leba iandikwe ukutani. Ikiwa ni damu, msitupigie kutuuliza kama mje. Tupigieni mkiwa tayari barabarani, tuwashe taa na tuandae kitanda.