Hooke hakuona seli hai kwenye kizibo

Tangu shule tumekariri: mwaka 1665 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aligundua seli hai. Nusu yake ni kweli.

Alichoweka Hooke chini ya hadubini jijini London ni kipande chembamba cha kizibo, yaani gome la mwaloni lililokauka. Aliona vijumba vitupu, akavifananisha na sega la asali, akaviita seli. Alikadiria kwamba inchi moja ya ujazo ina zaidi ya bilioni moja. Lakini zilikuwa kuta tu. Wenye nyumba walishakufa. Kiini, yaani sehemu ya katikati inayoongoza seli, wala utando unaoizunguka hakuviona. Tumtendee haki, hata hivyo: katika mimea mibichi aliona vijumba vimejaa majimaji, ila hakujua kwamba humo ndimo uhai ulimo.

Viumbe hai vya seli moja vilionwa miaka ya 1670 na Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, kwa lenzi alizozisugua mwenyewe. Kiini kilipewa jina na mtaalamu wa mimea Robert Brown mwaka 1831. Na wazo kwamba mimea na wanyama wote wameundwa kwa seli? Hilo lilisubiri wanasayansi Wajerumani Schleiden na Schwann, 1838 na 1839.