Mnahesabu risiti, sisi tunahesabu kaya

Wiki hii nimetumiwa tena ile hoja: Marekani bunduki zinauzwa kama njugu, iweje tafiti ziseme kaya zenye bunduki zimepungua? Eti wahojiwa waongo, dodoso litupwe. Haya, najibu, na atakayeleta tena nitamrushia ukurasa huu.

Mauzo kwanza, haraka. Mwenye bunduki saba akinunua ya nane, dukani kuna risiti mpya, kwangu kaya ni ileile. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu nusu ya bunduki zote za raia ziko mikononi mwa asilimia 3 ya watu wazima. Na ule ukaguzi wa rekodi za uhalifu za wanunuzi, mnaoupenda kuuhesabu kama mauzo, sio idadi ya bunduki: jimbo la Kentucky linawakagua upya wenye vibali vya kubeba bunduki kila mwezi, hata asiyenunua risasi moja. Rejesta ya taifa ya wenye bunduki nayo imepigwa marufuku na sheria ya 1986. Ndiyo maana tunauliza watu.

Sasa huo uongo. GSS (General Social Survey), utafiti wa kijamii wa kituo cha NORC cha Chuo Kikuu cha Chicago, unauliza tangu 1973 kama nyumbani kuna bunduki. Wakati ule karibu nusu walisema ndiyo. Mwaka 2014 ni asilimia 31 hivi. Wanaoficha wapo, sibishi. Lakini mizani ya bucha inayopunja robo kilo kila siku bado itakuonyesha kwamba leo umenunua nyama nyingi kuliko jana. Uongo peke yake haushushi mstari wa grafu. Ili uushushe, lazima watu wazidi kudanganya mwaka hadi mwaka, na hilo mnaolalamika hamjawahi kunionyesha.

Shida ninayoiheshimu ni nyingine: nani kafungua mlango na kujibu kwa niaba ya kaya. Waume na wake wanaishi nyumba zilezile, kwa hiyo majibu yao kwa ujumla yangelingana. Wapi! Mwaka 1998 watafiti Ludwig, Cook na Smith walionyesha kuwa waume wanataja bunduki zaidi ya wake: kwa pointi 7 za asilimia kwenye GSS ya ana kwa ana, na 12 kwenye tafiti za simu. Sio lazima mke awe mwongo. Nikiwa mdadisi wa mifugo kijijini, mama mmoja aliniambia mbuzi wanne. Nikaandika. Mume akaingia na baiskeli: sita, wawili wako kwa shemeji. Nikatoa raba, nikafuta. Nani alidanganya pale? Basi fikiria bastola iliyofungiwa juu ya kabati. Mimi ningeuliza kila mtu kuhusu bunduki yake mwenyewe, ya kaya ningeiacha iwe ya kulinganishia tu.

Kinachoninyima usingizi ni Gallup, kampuni ya kura za maoni. Wao wanapiga simu, na mwaka 2011 walipata asilimia 47 ya kaya zenye bunduki, GSS ikiwa karibu na theluthi. Naiamini GSS zaidi kwa sababu inamfuata mtu mpaka sebuleni, lakini nakiri imani hiyo ina mazoea ndani yake. Halafu ikaja korona. Mwaka 2020 watu walinunua kwa fujo, wengi kwa mara ya kwanza, ndipo GSS ya 2021 ikalazimika kuhama sebuleni kwenda mtandaoni. Kitu kinabadilika na rula tumeibadilisha papo hapo. Kila ninapochora ule mstari, hapo naweka vitone.