Si kila tumbo linalowaka lina vidonda

Wagonjwa wengi huingia kliniki wakiwa na jibu tayari: "Daktari, nina vidonda vya tumbo." Wapo walio navyo kweli. Ila wengi wao, tukiingiza kamera na kuangalia, hatukuti kidonda chochote. Lawama huwa imeshabebeshwa asidi, na hapo ndipo mimi hutofautiana nao.

Asidi ya mfuko wa chakula ni kali kwa sababu inatakiwa iwe kali. Inaua vijidudu vinavyoingia na chakula, na inaiamsha pepsini, kimeng'enya kinachoanza kuvunja protini. Ukuta wa mfuko hauungui kwa kuwa umefunikwa na ute mzito wenye baikaboneti, kemikali inayopoza asidi, na seli za juu yake hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache. Basi ninapomsikiliza mgonjwa, najiuliza kwanza: kinga hii imelegea wapi, na imelegezwa na nini?

Mara nyingi mhusika ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au dawa za maumivu. Bakteria huyu hutengeneza amonia inayopoza asidi pale alipo, kisha anajichimbia ndani ya ute na kukaa humo miaka. Zamani madaktari waliamini vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia, ili kuonyesha kuwa chanzo ni bakteria hao, alikunywa maji yenye bakteria hao, na baada ya siku chache tumbo lake likavimba kwa ndani. Mwaka 2005 yeye na mtafiti mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. (Tafadhali usimwige.)

Dawa kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni nazo huzuia kemikali zinazochochea utengenezaji wa ute. Anayezimeza kila siku kwa ajili ya magoti anaweza kutoboka tumbo bila kuwa na bakteria hata mmoja.

Kiungulia ni habari nyingine. Umio, mrija unaoshusha chakula kutoka kooni, hauna ute wa kutosha kama huo. Unategemea msuli ulioko chini yake ubaki umebana. Ukilegea, kwa shibe kubwa, mafuta mengi, unene, ujauzito au kulala mara tu baada ya kula, asidi hupanda kifuani. Hapo asidi si lazima iwe imezidi, imefika pasipostahili.

Baada ya hapo chakula huingia utumbo mwembamba, ambako kongosho hupoza asidi, nyongo husambaratisha mafuta, na virutubisho hufyonzwa. Utumbo mpana unavuta maji yaliyobaki: mabaki yakikawia humo choo kinakuwa kigumu, yakipita mbio unaharisha. Wapo pia ambao tumbo linajaa gesi, linauma na kutulia wakishapata choo, na vipimo vyote viko safi. Hawadanganyi. Utumbo wao una hisia kali kupita kiasi, na huo ni ugonjwa unaotambulika, ingawa hauonekani kwenye picha.

Omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, wengi huimeza vibaya, wakisubiri mpaka wasikie moto. Inatakiwa inywewe kama nusu saa kabla ya kula, kwa sababu hufunga pampu za asidi zinazoamshwa na chakula. Ukitapika damu au ukapata choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chakula kikikwama kooni, au mwili ukipungua bila sababu, omba uchunguzi mapema, usiendelee kununua dawa.

Na kama umetibiwa Helicobacter, rudi upimwe kwa pumzi au kwa choo, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, ukiwa umeacha omeprazo kwa wiki 2. Kipimo cha damu hakifai kwa kazi hiyo: kinaweza kuendelea kusema "yupo" muda mrefu baada ya bakteria kufa.