Jasho kwenye mizani: tunayodanganyana kuhusu maji ya wakimbiaji

Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, gunia la dagaa haliuzwi kwa kukisia. Lakini mkimbiaji anayejiandaa na marathoni, maji ya mwili wake tunayakisia kwa macho, na kila kocha wa mtaani ana sheria zake.

"Jasho linayeyusha mafuta." Huyu mnamjua. Anakimbia saa saba mchana na jaketi la nailoni juu ya sweta, kisha anapanda mizani na kushangilia kilo moja na nusu. Ndugu yangu, hayo ni maji. Saa moja ya mbio haichomi hata gramu 200 za mafuta, na akinywa vizuri usiku kilo zake zinarudi zote.

Ila hiyo mizani anayoitumia vibaya ndiyo kipimo bora na cha bei nafuu tulicho nacho. Mpime kabla ya mazoezi, mpime tena baada, akiwa amejifuta jasho na amevua nguo zilizolowa. Mfano: aliondoka na kilo 62.0, akarudi na 60.4, njiani alikunywa nusu lita. Kilo moja ni sawa na lita moja, hivyo jasho lake ni lita 2.1. Kama alikimbia saa moja na nusu, anatoka lita 1.4 kwa saa. (Alikojoa katikati? Toa kiasi hicho.) Mwenzake wa umri uleule anaweza kutoka nusu ya hapo, ndiyo maana chupa moja kwa kila mtu ni uonevu.

"Ukipungua asilimia 2 umekwisha." Ni kiwango cha tahadhari, hasa kwenye joto, na wataalamu wengi wanakitumia. Lakini Mwethiopia Haile Gebrselassie aliposhinda Dubai Marathon mwaka 2009 alikadiriwa kupoteza karibu asilimia 10 ya uzito wake. Simshauri mtu amwige.

"Huku kuna upepo wa ziwa, hatutoki jasho." Mnatoka. Upepo unalikausha kabla fulana haijalowa.

"Maji hayazidi." Hapa ndipo ninapogombana na watu. Kwenye Boston Marathon ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu (chumvi ya damu) ya milimoli 135 kwa lita au pungufu, yaani chini ya kawaida. Dalili iliyojitokeza sana kwao ilikuwa kuongezeka uzito wakiwa mbioni: walikunywa kuliko walivyotoka jasho. Maji yakizidi, sodiamu inapungua, ubongo unavimba, mtu anaumwa kichwa, anatapika, anachanganyikiwa, na anaweza kufa. Kwa macho anafanana kabisa na aliyeishiwa maji, na wasamaria wema wanamwongezea chupa nyingine! Aliyemaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza asipewe maji, apelekwe kwa daktari.

"Mkojo mweupe, mambo safi." Inategemea ni wa saa ngapi. Ukibugia lita moja mara tu baada ya mazoezi, figo zinaimwaga haraka na mkojo unatoka kama maji ya mvua wakati mwili bado una kiu. Vidonge vya vitamini B navyo vinaufanya wa njano kali bila kosa lolote. Angalia ule wa kwanza asubuhi. Timu zenye uwezo hutumia rifraktomita, kifaa kidogo cha mkononi: unadondosha tone la mkojo, unachungulia kuelekea kwenye mwanga, unasoma namba inayoonyesha mkojo umekolea kiasi gani. Ikivuka 1.020, kijana ameamka na upungufu. Usikitegemee peke yake, kiweke pamoja na uzito wa asubuhi na kiu yenyewe. Na mkojo wa rangi ya kahawia baada ya mazoezi makali si wa kupimwa uwanjani, ni wa hospitali.

Yule wa kilo 62 aliyepungua kilo 1.6 sasa anywe lita 2 hadi 2.4 (zaidi ya alichopungua, maana mengine yatatoka kwa mkojo), kidogo kidogo kwa saa kadhaa, pamoja na chakula chenye chumvi. Ugali na sato vinafaa kabisa.